Hedifoni Zangu za Sufi

Enzi zetu, muziki wa kutembea nao ulikuwa na uzito wake. Uliufunga kiunoni kwa pindo la kanga, ukala betri mbili kwa siku mbili, na katikati ya wimbo mtamu sauti ikaanza kuvutika kama ya mtu anayesinzia. Hapo ulijua betri zimechoka. Ulizitoa, ukaziuma kwa meno, ukazianika juu ya bati, nazo zikakupa nusu saa nyingine ya starehe. Wasomaji wa rika langu najua mnatabasamu, maana na ninyi mliziuma.

Leo binti yangu Rahma, aliye kidato cha tatu, anaweka masikioni vitu viwili vidogo kama korosho. Havina waya wala uzito, na vikiisha chaji analalamika kana kwamba ameonewa. Nami namtazama nikikumbuka jinsi nilivyohangaika utotoni kutafuta kitu cha kuvaa masikioni kisichoumiza. Nitaieleza habari hiyo polepole, kwa sababu ina mahali ambapo hata mimi mwenyewe sijapaelewa mpaka leo.

Mjomba Shaibu, mdogo wake mama, alikuwa baharia wa meli za mizigo. Likizo moja alikuja nyumbani kwetu Kaole na bati la biskuti, na ndani yake hamkuwa na biskuti. Mlikuwa na wokimani, ile redio kaseti ndogo ya mfukoni, yenye harufu ya plastiki mpya, pamoja na kaseti moja ya taarabu, nusu saa kila upande. Nilikuwa darasa la tano. Nadhani mtaa mzima ulinipenda kwa wiki mbili.

Shida ilikuwa hedifoni. Zilikuwa utepe wa chuma uliopita utosini, na vibati viwili vya duara vilivyovikwa sponji nyeusi. Mama alikuwa amenisuka twende kilioni, nywele zote zikielekea nyuma, na ule utepe ulinasa kila msuko. Kuuvua ilikuwa kama kunyonyolewa. Kisha sponji, kwa hewa ya chumvi na mafuta ya nazi, ikaanza kumeguka na kuacha vipande vyeusi masikioni mwangu.

"Saada," mama aliniuliza siku moja, "hayo masizi ya masikioni, kwani ndiko unakopikia?"

Nilijaribu kila kitu. Nilikata sponji ya godoro, ikaniwasha. Nikavika soksi za shule, nikashindwa na harufu. Bila kitu, vile vibati vilinikata mpaka masikio yakawa mekundu kama yaliyofinywa na mwalimu. Ndipo nikaona mto wa bibi umefumuka pembeni, na sufi linachungulia. Kwa ambao hawakulalia mito hiyo, sufi ni ile pamba nyepesi ya mti wa msufi, laini kuliko pamba ya dukani. Nilichota ngumi mbili, nikashona vifuko viwili vya kipande cha kanga, nikavijaza, nikavifunga juu ya vibati.

Sijawahi kuvaa kitu kizuri namna ile. Sufi lilinikumbatia masikio yote mawili. Jogoo, mchi, watoto wa jirani na sauti ya mama jikoni, vyote vilizimika, akabaki mwimbaji peke yake, kana kwamba amekuja kukaa ndani ya kichwa changu.

Bibi aliniona nimekaa barazani. Hakunigombeza kwa kuharibu mto wake. Alinivua hedifoni taratibu, akavibonyeza vile vifuko.

"Anayezibwa masikio kwa pamba ni maiti, mjukuu wangu," alisema. "Wewe unakimbilia nini?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Siku zile mama alikuwa analima mwani, kama wanawake wengi wa kwetu, na siku zisizo za shule niliongozana naye. Wakati wa bamvua maji hukupwa mbali sana, mchanga ukabaki wazi kama uwanja. Huko mbali ndiko kina mama walikokita vigingi na kufunga kamba za mwani. Lakini kati ya mashamba na nchi kavu kuna mkondo, bonde la mchanga usilolitilia maanani unapolivuka asubuhi. Maji yakirudi hayaanzii mbele, unakotazama. Hujaza kwanza mkondo ulio nyuma yako. Unaweza kuwa umeinama unafunga kamba, maji yakiwa kwenye vifundo tu, kumbe njia ya kurudi nyumbani imeshafika kifuani.

Ndiyo maana palikuwa na mwito. Bi Kidawa, mkubwa wao wote, alisimama ukingoni mwa mkondo, akaelekea baharini, akaita watu wote kwa majina, akianza na aliye mbali zaidi. Aliita mara moja. Nawe uliitika mara moja, "Abee," na hakuna aliyevuka mpaka wa mwisho aitike. Katika kazi nyingine zote tulitaniana, lakini si kwenye mwito. Mtoto aliyeitikia jina la mwenzake kwa mzaha alipigwa papo hapo. Mama alikuwa akiniambia, "Jina lako likiitwa, wahi kuitika wewe mwenyewe."

Siku ninayoikumbuka ilikuwa Jumamosi, maji yalikupwa saa nne, na kufikia saa sita jua lilikuwa utosini hata kivuli changu kilijificha chini ya miguu. Nilikuwa mwisho kabisa wa shamba letu, nimegeukia baharini, wokimani kiunoni na hedifoni zangu za sufi kichwani. Nilifunga mwani kwa mapigo ya ngoma. Nilikuwa na furaha, na sioni haya kusema hivyo.

Upande wa kaseti ukaisha. Kitufe kikaruka, tak. Sikuzivua hedifoni mara moja. Palikuwa na ukimya mzito ndani ya lile sufi, na nakumbuka niliupenda. Kisha nikahisi ubaridi magotini.

Niliinua kichwa. Shambani hapakuwa na mtu.

Wote walikuwa ng'ambo ya mkondo, wamejitwisha magunia, wanakwenda kwa mstari kuelekea mikoko. Niliwaona migongo. Mama alikuwa wa mwisho, na alikuwa akitembea kama mtu asiye na haraka. Kwanza sikuyaogopa maji. Niliuogopa mgongo wake, kwa sababu mama hakuwa mtu wa kuniacha hata sokoni.

Nilipiga kelele. Mama akasimama, akageuka, akaniona. Na hapa ndipo ninapowaomba mnielewe, kwa kuwa nimelitafakari jambo hili miaka mingi. Kabla ya kunikimbilia, mama alitazama nyuma yake, karibu, hatua mbili tu, pale ambapo mtoto anayemfuata mama yake angekuwa. Alipatazama kwa muda. Kisha akatupa gunia, akaingia majini.

Mkondo ulimfika kifuani. Alinirushia pindo la kanga, nikalishika, akanivuta. Wokimani ilizama na nyimbo zake zote. Nilipofika ukingoni, hedifoni zilikuwa shingoni, sufi limelowa, linachuruzika.

"Nimekuita," Bi Kidawa aliniambia. "Ukaitika."

"Sijaitika, bibi. Wala sikusikia."

Alizitazama hedifoni, akazielewa. Lakini hakuonekana kuridhika. "Mimi mzee," alisema, "masikio yangu yanaweza kunidanganya. Haya, semeni ninyi."

"Kaitika," alisema Mama Asha, wa shamba la pili kutoka letu. "Tena nikamcheka moyoni anavyovuta. Abeee, kama mtu aliyeombwa chumvi."

"Labda ndege," mmoja alisema.

"Ndege gani huyo anaitika kwa adabu?" Mama Asha akamjibu, na wawili wakacheka kidogo, kisha wakaacha.

Mama alikuwa akinikausha kichwa kwa nguvu mno. "Sauti ya mwanangu naijua," alisema bila kumtazama mtu. "Mimi ndiye niliyemzaa. Aliyeitika ni Saada."

Mwanamke mmoja alianza kutuhesabu kwa kidole, tuliosimama pale juani, akafika katikati, akakiteremsha kidole. Hakuna aliyemwambia amalize.

Bi Kidawa ndiye aliyetuondoa. Alisema kuanzia siku ile, anayeitwa ataitika na kuinua mkono juu, na yeye hatahesabu sauti, atahesabu mikono. Hivyo ndivyo ilivyokuwa bamvua iliyofuata na zote nilizozishuhudia baada yake. Wageni waliokuja kununua mwani walidhani tunawapungia, wakatupungia.

Nyumbani bibi alifumua vile vifuko viwili, akatoa sufi, akalifukia nyuma ya jiko. Hakuniambia kwa nini, nami sikumuuliza. Shuleni wenzangu walinitania mwaka mzima. "Leo kaja Saada yupi?" waliniuliza mlangoni mwa darasa. Mchana nilicheka nao. Lakini nilikuwa na tabia, nikiitwa mahali penye watu wengi, ya kungoja kidogo kabla ya kuitika, nione kama kuna atakayeniwahi.

Miaka ikapita. Niliolewa, tukajenga Mapinga, na Rahma akazaliwa. Mwezi uliopita aliniomba iyafoni mpya kwa sababu za zamani zilimuumiza, na mzazi aliyewahi kuumia masikio hawezi kukataa ombi kama hilo. Tukaenda dukani Bagamoyo.

Kwa wanaotafuta, nitasema nilichojifunza. Usijaribu kwa dakika moja. Vaa nyimbo tatu nzima, kwa sababu sikio huanza kulalamika kwenye wimbo wa pili. Vile vimpira vya mbele huja vya ukubwa mbalimbali, na sikio la kushoto si lazima lilingane na la kulia. Tikisa kichwa, inama kama unaokota kitu, tafuna. Zikikaa bila kukubana, ndizo zako. Usione aibu kumchosha muuzaji.

Kijana wa dukani alituletea zake bora. "Hizi, mama, zinazima dunia," alisema kwa fahari. Nilizivaa. Zilikuwa laini, zilinikumbatia masikio yote mawili, na duka likatoweka. Mwili wangu uliukumbuka ule ukimya kabla yangu. Lakini Rahma alikuwa ananitazama kwa matumaini, na mtu mzima haogopi kitu cha dukani mchana kweupe. Tukazinunua.

Jumamosi iliyofuata, saa sita, nilikuwa nakaanga samaki. "Rahma," niliita.

"Abee," akaitika, kwa kuvuta kidogo.

Nikangoja. Hakuja. Nikanawa mikono, nikaenda chumbani kwake. Alikuwa amelala chali, macho yamefumbwa, zile korosho mbili masikioni, midomo yake ikifuatisha wimbo kimya kimya. Nilimgusa bega, akashtuka, akatoa moja.

"Umeniita, mama?"

"Nimekuita, ukaitika."

"Mimi? Sijasikia chochote."

"Rahma, sauti yako naijua. Mimi ndiye..." Nikaishia hapo. Nilijua sentensi hiyo ni ya nani.

Likizo inakaribia, na likizo zote Rahma huenda kwa bibi yake Kaole, huingia naye shambani, maana mama yangu bado ana kamba chache za mwani. Nilimpigia simu mama nikamsimulia. Aliuliza jambo moja tu. "Mkono uliuona?"

Nilirudi dukani. Nilimweleza kijana kwamba zile ni nzuri, hazina kosa, ila nataka zile za kutundika nje ya sikio, zinazouacha mlango wazi. Alinionea huruma, akasema hizo sauti yake hafifu na upepo wote unaingia. Nikamwambia ndizo hasa. Rahma alinuna siku mbili, kisha akakiri kwamba hazimuumizi. Huko ndiko kustarehe kwa kweli, nikamwambia, kitu ulichokivaa kikusahaulishe kwamba umekivaa, kisikusahaulishe ulipo.

Enzi zetu watu ishirini walisimama juani, magunia yanavuja mgongoni, wakisubiri mtoto mmoja aseme abee. Tuliuona ule mwito kama usumbufu. Siku hizi nyumba ina watu watatu na nyimbo tatu, kila mmoja na wake, na tunaitana kwa ujumbe wa simu kutoka jikoni hadi sebuleni. Siwalaumu vijana, nami nisingevua zile za sufi kama kaseti isingeisha. Nawakumbuka tu wale wanawake, jinsi walivyokuwa wakingojana.

Kwetu sasa kuna sheria ndogo, na Rahma huicheka mbele ya rafiki zake. Nikimwita, siridhiki na kuitika tu. Nasimama mlangoni, naye anainua mkono, mara nyingine bila hata kufumbua macho. Mara nyingi mkono na sauti huja pamoja. Zipo siku sauti hutangulia, tamu, ya adabu, imevutika kidogo mwishoni. Siku hizo sisemi kitu. Nasubiri mkono.