Jina ya Tata Ngoie

Juzi mujukulu yangu Ngoie alirudia na devoir ya masomo: atafute nani alimuachiaka jina yake. Nilicheka, juu jina ile ilipitia kwangu. Mi niliibebaka toka kwa tata, baba ya mama, Ngoie mukubwa, mwenye alikufaka na kifua ya vumbi ya mu mine ya shaba.

Nilikuwa bado mutoto, meno ya utoto inaanguka. Mama alikuwa anakaranga mikate, harufu ya mafuta inajaza lupango, kiwanja yetu ya Kampemba. Yaya yake, ule dada yake mukubwa, akaingia, anatoka Kasenga, ananuka samaki ya moshi. Akapiga magoti mbele yangu, akapiga makofi ya heshima pole-pole.

"Tata, unisamehe. Uliniita ukiwa mugonjwa, nikakatala kuya."

Nilitazama mukate ya moto mu mukono yangu. Nilizani anailomba. Nikaificha ku mugongo.

"Hapana. Sikupi."

Yaya akasimama, akapangusa magoti, akarudia Kasenga bila kula. Mvua ya kwanza ilikuta bamekwisha kumuzika.

Nilikomea, nikakuwa mukubwa, njo nikasikia: kwetu, mwenye kubeba jina ya mufu, kinywa yake ni ya mufu.

Ngoie aliandika yote na bic yake. Nikamuambia, "Sasa jina iko yako. Ujibu ule mama ya Kasenga."

"Nimuambie nini, nkambo?"

"Muambie ndiyo."

"Ndiyo, mama," akasema, sauti kidogo sana.

Nikamulomba aseme nguvu, Kasenga iko mbali.