Ngao ya Makombora Iliyomchukua Mdogo Wangu

Safari hii sikuitafuta, alinituma Mama. Mdogo wangu Elia, mhandisi, alikuwa ameandika kwamba kampuni moja ya Marekani inamtaka kwenye mitambo ya kutungua makombora ya nyuklia, na kazi hiyo hapewi asiye raia. Sheria yetu nayo hairuhusu uraia wa nchi mbili. "Kamwone," Mama aliniambia pale Morogoro. "Mwambie kiwanja cha baba yake kinamngoja. Uniletee jibu, usiniletee picha." Ilikuwa mwaka 1998. Mimi ni mwalimu wa fizikia, nikaomba ruhusa shuleni nikafunga mzigo.

Siku ya pili, saa tisa alasiri, tukatua Virginia. Elia alinipokea kwa gari kwenda kwake Sterling, si mbali na uwanja.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Na kitambi hiki umekitoa wapi?"

Akacheka. Nilitaka kumweleza ya Mama papo hapo, ila usingizi ulinizidi.

Kesho yake asubuhi akanipeleka makumbusho, Washington mjini. Jamani! Makombora mawili yamesimama bega kwa bega, la Wamarekani na la Warusi, yameshatolewa baruti na vilipuzi vyake. Nimefundisha nyuklia miaka kumi na miwili kwa chaki na ubao, sijawahi kujiona mdogo vile. La Warusi lilikuwa refu kama ghorofa tano, nalo peke yake lilibeba vichwa vitatu, kila kimoja cha kufuta mji. Nilitazama juu mpaka shingo ikauma. Pembeni watoto wa shule walikuwa wanakula biskuti, hawana habari.

"Na hili likishaondoka, mnalizuiaje?" nikauliza.

"Wanalifuata huko huko juu ya anga, wanaligonga. Haya yako magazetini, kaka."

"Risasi kuipiga risasi?"

"Kwa kasi kubwa kuliko risasi. Magazeti yanasema mara nyingi wanakosa."

Nilitoa kalamu nikapiga hesabu nyuma ya tiketi ya ndege, hesabu yenyewe nikaiacha katikati.

Jumamosi mchana tulialikwa Bladensburg, upande wa pili wa Washington, kwa Mama Zawadi, mwenyeji wa Bukavu anayehudumia wazee majumbani. Alikuwa amepika sombe, yaani kisamvu, na bugali, ugali wa kwao. "Karibuni, batoto ya mama! Ku nyumba wako wazima? Elia, mwili je? Na kazi, inaendaka?"

Elia alijibu ya nyumbani, akajibu ya mwili. Kwenye kazi akaomba maji. Mama Zawadi akarudia kuuliza, naye akainamia sahani. Sisi mtu akiulizwa habari za kazi husema nzuri, hata kama jana yake amefukuzwa. Asiyejibu kabisa sikuwahi kumwona.

Tulipoingia garini, kabla hata sijamtolea ujumbe wa Mama, nikamuuliza, "Elia, umeshaapa kuwa raia wao?"

"Mwezi uliopita, kaka. Na kazi nimeanza. Nimesaini kwamba sitaizungumza na mtu, hata wewe. Nikiulizwa tu naingiwa na hofu."

"Na umeniacha nivuke bahari zote hizo nije kukubembeleza?"

"Nilishindwa kumwandikia Mama. Nikataka wewe uyaone makombora yale kwanza, uelewe."

Nilimgombeza njia nzima, naye akalia kama mtoto. Kibaya ni kwamba nilikuwa nimeelewa. Dude lile lingekuwa linakuja Morogoro, ningetaka Elia awe miongoni mwa wanaolingoja. Hilo ndilo lililozidi kunikasirisha.

Siku ya kurudi, pale uwanjani, alinikabidhi pasipoti yake ya Tanzania nimpelekee Mama. Nikaiweka mfuko wa shati, na safari nzima nilikuwa naipapasa.

Nimejifunza nini? Kwamba silaha zile ni kubwa kuliko vitabu vyangu vinavyosema, na kwamba wenye nazo wanaziogopa kama sisi. Na kwamba ngao ya kuzizuia inajengwa na watu waliozaliwa na mama zao, wengine mbali sana na pale.

Nilifika Morogoro saa nne asubuhi. Mama alinisikiliza yote, makombora na kila kitu, hakunikatiza. Kisha akaifungua pasipoti, akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Sasa nikifa, atakujaje kunizika?"

"Atakuja, Mama," nikasema. "Ataomba viza."