Mwaka Mama Alipopiga Kura kwa Kutazama Sura

Karatasi za kampeni za uchaguzi wa Marekani zina harufu yake. Ni ngumu, zinateleza, na ukizitoa kwenye sanduku la barua asubuhi ya baridi zinanuka wino mpya. Harufu hiyo ikinifikia mpaka leo, moyo wangu unarudi Langley Park, kitongoji cha wahamiaji nje kidogo ya mji mkuu, kwenye fleti yetu ya ghorofa ya pili, mezani kwa mama. Ngazi za jengo zilinuka mahindi ya kuchoma ya majirani zetu Wasalvado wa Amerika ya Kati na samaki wa kukaanga wa kwetu, na mabasi yalipita chini ya dirisha yakiwa yamejaa tangu alfajiri. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Majani yalikuwa yameanza kupukutika, na mama alikuwa amepata uraia miezi michache tu iliyopita. Kwa mara ya kwanza tangu tukimbie vita kwetu Uvira alikuwa na kura, na kila aliyemfahamu alikuja kuiomba.

Wa kwanza alikuwa mjomba Zebedayo, kaka yake, aliyepakia mizigo kwenye ghala moja huko Landover. Yeye chama alishakichagua, kwa sababu msimamizi aliyempa saa za ziada alikuwa wa chama hicho, na kwa sababu mchungaji wetu alipenda namna kilivyozungumzia familia. Wa pili alikuwa mama mmoja Mkenya aliyefanya kazi na mama kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Huyo alikuwa na chama kingine, kile ambacho viongozi wa wafanyakazi walikuwa wamekipendekeza, na alishangaa kwamba mtu anayewaogesha wazee kwa mshahara ule anahitaji hata kufikiri. Mama aliwasikiliza wote wawili kwa siku mbalimbali, akawapa chai, akawaambia atawaza. Mjomba alikereka na jibu hilo kuliko kama angekataliwa. Mimi nilijivunia. Mama aliamriwa mambo mengi maishani mwake, na hili alitaka liwe lake peke yake.

Shida ilikuja na posta. Tuliletewa mfano wa karatasi ya kura, na mama akaigeuza mbele na nyuma, akaiinua kwenye taa.

"Batu bako wapi?" akauliza kwa Kiswahili cha kwetu, akitafuta watu.

Nikamwonyesha majina. Akatikisa kichwa. Kule kwetu, mara ile moja aliyopiga kura kabla ya kukimbia, karatasi ilikuwa pana kama kitambaa cha meza na kila mgombea alikuwa na picha yake. "Nitachagua namna gani mutu sijaona sura yake?" Wala haukuwa ushamba. Siku nzima alikuwa na wazee ambao wengi wao hawakusema tena, na alijua kwa kuangalia paji la uso nani ana maumivu na nani ana hofu tu. Manesi wenyewe walimwita awaambie. Kusoma Kiingereza kulimshinda, ukiacha sentensi chache alizokariri kwa mtihani wa uraia, lakini sura alizisoma kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye.

Basi akanipa kazi. Nikate sura za wagombea kwenye zile karatasi zilizojaa sandukuni, nizibandike kwenye daftari, niandike jina chini ya kila moja, kisha nimsomee kilichosemwa. Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, alitumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto, akafumba macho, nami nikasoma na kumgeuzia kwa Kiswahili. Alinikatiza, akauliza, akaguna. Mara nyingine alicheka mpaka maji yakamwagika. Sijawahi tena kuwa mtu wa maana kama nilivyokuwa wiki zile. Mama alikuwa wangu, na dunia nzima ilimfikia kwa kupitia mdomo wangu.

Nami nikamdanganya. Msichana mmoja darasani aliniambia kwamba chama cha mjomba kikishinda, wote waliokuja kama wakimbizi watakusanywa na kurudishwa kambini. Sikumwuliza mama kama ni kweli, kwa kuogopa atasema ndiyo. Kambi niliikumbuka vizuri, hasa foleni ya maji. Kwa hiyo ilipokuja karatasi ya mgombea mkubwa wa chama hicho, ile iliyomwonyesha amesimama na mke wake na mbwa, amenyoa vizuri na kutabasamu, niliificha chini ya godoro. Badala yake nilibandika picha iliyotumwa na wapinzani wake: uso wa kijivu, macho yameingia ndani, mdomo wazi kama mtu aliyekatizwa akiongea. Kwenye karatasi niliyoificha palikuwa na mstari kuhusu kuongeza mishahara ya watunza wazee. Mama aliponiuliza kama huyo amesema lolote juu ya kazi yao, nilijibu hapana. Mpinzani wake nilimbandika akiwa anacheka, meno yote nje, na maneno yake nikayasoma mpaka nukta ya mwisho.

Siku ya kura tulienda pamoja kwenye ukumbi wa mazoezi wa shule. Aliniacha mlangoni akaingia peke yake, akiwa ameyakariri majina kwa umbo la herufi zake. Alitoka na kibandiko cha waliokwisha piga kura kifuani, akitembea taratibu, shingo imenyooka. Njiani nikamwuliza alimpa nani. Akasema alimpa yule wa macho yaliyoingia ndani.

Nikauliza kwa nini.

"Ule njo anachoka sawa siye," alisema, yaani huyo ndiye aliyechoka kama sisi. "Mutu mwenye ile sura ametoka kazini. Ule mwingine anacheka kwa kila foto. Hajakesha na mugonjwa hata siku moja."

Kama ningenyamaza, pengine ningeendelea kumsomea miaka mingine mingi. Lakini nilianza kulia pale kando ya barabara, nikamwambia yote: godoro, mbwa, mishahara, kambi, na kwamba uchovu ule ulitengenezwa na maadui zake ili achukiwe. Mama hakunipiga wala hakupaza sauti. Alinifuta kamasi kwa kanga yake, akaniambia hakuna mtu atakayenirudisha kambini maadamu yeye yuko hai. Kisha akanishika mkono, tukaenda mpaka karibu na nyumbani.

"Sasa kura yangu," akasema, "njo weye uliipiga."

Yule mtu alishindwa, tena vibaya, na sikupata furaha yoyote. Wiki iliyofuata mama alijiandikisha darasa la Kiingereza, kila Jumanne na Alhamisi jioni. Jioni nyingine alifanya mazoezi ya kuandika, na hakuniomba tena nimsomee kitu.

Siku hizi ninaishi karibu na Upper Marlboro na ninafanya kazi ofisini. Langley Park imechimbwa kwa ajili ya reli mpya, lakini mama hajahama. Kila uchaguzi wataalamu kwenye televisheni wanaeleza jinsi watu wa kazi za mikono wanavyochagua vyama, nami huwasikiliza nikimkumbuka mwanamke mmoja na miguu yake kwenye beseni. Mama anapiga kura kila mara. Nikimwuliza amempa nani, ananiambia kura ni siri.

Mwaka wa uchaguzi uliopita nilimkuta mezani amevaa miwani, anasoma karatasi moja ya wagombea huku midomo ikitembea. Nikaketi karibu naye, nikasubiri. Kwenye neno moja akasita, akalirudia, akainua uso na kunitazama. Nikasogeza kiti. Akaniomba nimpe simu yake, iliyokuwa upande wangu wa meza, akalitafuta neno mwenyewe, akalipata, akaendelea kusoma.