Mkaa Ulioshiba Zebaki

Mjukuu wa kwanza wa Leonidas aliishi siku kumi na tisa. Nasema mapema ili mtu asisome akingojea muujiza. Mimi ni jirani yao, jiko lao na langu yanatazamana, na sina sababu ya kumpamba Leonidas wala ya kumzika akiwa hai.

Kijiji chetu hakiko mbali na Nduguti, chini ya kilima chenye machimbo ya dhahabu. Wachimbaji huosha mchanga kwa zebaki, na maji yao machafu hushuka hadi kwenye lambo tunakonywesha mifugo. Mwaka ule ng'ombe watatu wa Leonidas walipotupa mimba, aliapa kuyasafisha maji yale, nasi tukamcheka. Kisha wakaja watafiti wakamfundisha. Maganda ya alizeti kutoka kwenye mashine ya kukamua mafuta yanachomwa ndani ya pipa lililozibwa, mkaa wake unachanganywa na salfa, halafu unapashwa moto tena. Mkaa wa namna hiyo hunasa zebaki na kuishikilia. Akapanga mapipa manne yaliyojaa mkaa huo kwenye mfereji wa maji yale. Walipoyapima maji yaliyotoka upande wa pili, zebaki ilikuwa karibu imekwisha, hata mimi nikaacha kumcheka.

Basi akawa mtaalamu, na utaalamu ukampanda kichwani. Kila wiki aliwakusanya wachimbaji na kuwaambia, "Mkaa ukishashiba hauchomwi. Ukiuchoma, zebaki inatoka na hewa, unaivuta wewe. Unafukiwa kwenye shimo la saruji." Alirudia mpaka wakawa wanamwigiza sauti.

Nyumbani hakusema neno. Siku moja mkewe, Hana, alimwuliza huo mkaa una nini hasa. Nilikuwepo, nachambua mlenda.

"Hayo ni mambo ya kazi, mama Aneth," alijibu. "Wewe angalia ng'ombe."

Kinyozi hajinyoi. Leonidas si mtu mbaya, ila ana kile kiburi cha wanaume wetu, mke ni mtu wa kuelezwa baadaye.

Mwezi wa sita wa mwaka wa pili shimo la saruji lilikuwa limejaa na jipya halijaisha, kwa hiyo magunia matatu ya mkaa uliotumika akayaweka nyuma ya jiko, akayafunika turubai. Mwezi huohuo binti yao Aneth alirudi nyumbani kujifungua, maana mtoto wa kwanza kwetu huzaliwa kwa bibi yake mzaa mama. Juni ya huku upepo unakata masikio. Mzazi na mtoto hukaa ndani, na jiko la mkaa halizimwi.

Hana hatupi kitu. Huku chenga za mkaa zinakandwa kwa udongo wa kichuguu na uji mwepesi, zinafinyangwa matonge, zinaanikwa. Aliyaona magunia, akafinyanga matonge zaidi ya mia, huku anaimba nyimbo za kwaya. Mimi nilimsaidia kuyageuza juani, ya machimboni sikuyajua bado. Hilo nalibeba mwenyewe.

Leonidas aliyaona yameanikwa uani, akayaruka, akaenda zake machimboni. Kila nyumba ina matonge. Na chumbani, yalikochomwa, hakuingia, kwa sababu baba haingii chumba cha binti yake aliyejifungua. Alikaa nje mlangoni jioni, akasikia mtoto anakohoa kikohozi kidogo kikavu.

"Baridi hiyo," alisema. "Muongezeeni moto."

Tukauongeza. Siku ya kumi na saba midomo ya mtoto ilibadilika rangi, na Aneth mwenyewe mikono ikawa inatetemeka, fizi zinavuja damu. Tukawakimbiza hospitali. Daktari aliuliza mlikuwa mnachoma nini humo ndani. Hana akajibu bila hofu yoyote, "Mkaa wa baba yake, ule wa kwenye mapipa." Leonidas aliketi chini, pale pale sakafuni, katikati ya njia ya wagonjwa.

Msibani mzee mmoja alianza kusema majuto ni mjukuu, mkewe akamfinya. Nilimchukia mzee yule, na nilijichukia zaidi, kwa kuwa nilitaka kucheka.

Baada ya kuzika tulikaa uani na kina mama wengine. Leonidas alikuja na kusimama mbele ya mkewe. Nadhani alitaka kuomba msamaha, au kulaumu, hata yeye hakujua. Hana ndiye aliyeanza.

"Wachimbaji uliwaambia kwamba hauchomwi?"

"Niliwaambia."

"Mara ngapi?"

Alitazama chini. "Kila wiki."

"Miaka mingapi sasa?"

"Miwili."

Hana aliinuka akaenda kumshikia Aneth kikombe cha uji, kwa sababu mikono ya binti ilikuwa haiwezi kukishika. Maziwa ya Aneth yalikuwa yamelowesha kanga yote kifuani, na hapakuwa na wa kuyanyonya.