Kigango Kilichogeuzwa Nyumba ya Likizo

Nakumbuka Desemba moja ya mvua kule Titye, Kasulu, mwanangu, nimesimama ndani ya kigango cha zamani, kanisa dogo la kijiji, nikimtazama Laurenti akila peke yake kwenye meza ndefu. Nilikuwa mdogo kuliko ulivyo wewe leo. Tangu uniambie kwamba unataka kujenga huku nyumba ya kuja kupumzika, mtu yule hanitoki kichwani.

Laurenti alikuwa mtoto wa katekista wetu. Yeye alifanya kazi Dar es Salaam, kaka yake Mwanza, na dada yao aliolewa hapo Kibondo. Waumini walipojenga kanisa jipya karibu na barabara, kigango cha juu kikabaki kitupu, popo wakaingia darini. Laurenti akakiomba, wazee wa kanisa wakakubali, padri akaja akaiondoa altare kwa sala. Mafundi wakagawa ukumbi ukawa vyumba vya kulala. Sakristia, kile chumba kidogo alimokuwa akivalia padri, ikawa jiko. Mbao za mabenchi zikachongwa vitanda. Alitaka ndugu wote wakutane pale kila Krismasi na watoto wao, palepale walipobatizwa. Mimi akaniajiri niitunze nyumba.

Ilikuwa kazi ya upweke. Mwaka mzima nilifagia vyumba visivyo na mtu, na nikikohoa nasikia kikohozi changu kinarudi kutoka ukutani. Desemba ikikaribia nilitandika vitanda vyote, kwa kuwa alisema wanakuja. Anafika yeye. Kisha anapanda mlima nyuma ya nyumba, huko simu ilikokuwa inashika mtandao, anarudi amelowa, ananiambia hawaji. Mwaka mmoja basi lilikwama kwenye tope. Mwaka mwingine mtoto wa kaka yake aliugua. Mwaka huo ninaousema, dada yake wa Kibondo alijibu tu kwamba amechoka.

Nilikuwa nimepika ugali wa muhogo na samaki wa migebuka, chakula cha watu wengi.

"Keti ule, Anastazia," akaniambia.

Nikasema nimeshiba. Mtu mzima, tena ndiye aliyeniajiri, ningeketije naye mezani? Siku hizi, ninapokula peke yangu na redio, ndipo naelewa alichokuwa akiniomba.

Ndipo akaingia masenge wake, yaani shangazi yake, Bibi Yozefina. Huyo ndiye aliyewalea mama yao alipofariki. Nyumba yake ilikuwa chini kidogo ya kigango. Alikuja na fimbo, amejifunika mfuko wa mbolea kichwani kwa ajili ya mvua, akasimama mlangoni.

"Masenge, karibu ndani," Laurenti akasema akiinuka. "Nilikuwa nangoja watu wafike wote ndipo nikuite."

"Wako wapi hao watu?"

"Hawakuja."

"Na mimi je?"

Laurenti akageuka akatazama dirishani.

"Moshi wa jiko langu unauona hapo dirishani," bibi akasema, wala hakupandisha sauti. "Na mimi taa yako naiona. Umekaa peke yako huku, nami nimekaa peke yangu kule. Unawangoja wa mbali, mwanangu. Kuja kwangu unahitaji basi?"

 Laurenti akabeba chungu cha migebuka yeye mwenyewe, akamshika bibi mkono wakateremka pamoja kwenye utelezi. Likizo yote iliyobaki alikaa kule chini. Alimpasulia kuni, akaziba paa lilipovuja, akalala kwenye mkeka karibu na moto. Mimi nilibaki na funguo. Nikiwa uani jioni nilimsikia bibi akicheka, nami nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka.

Masika yaliyofuata Bibi Yozefina akafariki.

Ndipo walipokuja wote. Kaka na mkewe, dada, watoto, hata ambao sikuwajua. Vitanda havikutosha, wengine wakalala sakafuni. Dada yule wa Kibondo alikaa ukingoni mwa kitanda akapapasa shuka.

"Umetutandikia vizuri. Umeanza lini?"

"Tangu mwaka wa kwanza, dada. Kila Desemba."

Akajifunika uso kwa kanga yake, nami nikatoka nje.

Baada ya maziko waliondoka mmoja mmoja. Laurenti alikuwa wa mwisho. Akaniambia, "Mimi angalau nilikula naye." Baadaye nyumba akawapa walimu wa shule wakae humo na watoto wao, na alipokuja kusalimia alifikia kwa jirani.

Basi mwanangu, jenga ukitaka, sikukatazi. Ila usidhani kwamba nyumba itakuitia watu. Watu huja kwa sababu nawe ulikwenda kwao, ukaketi, ukala walichokuwa nacho. Ukishuka stendi ya Kasulu, kabla ya kufungua mlango wako pita kwanza kwa yule aliye karibu, ambaye humhesabu kwa kuwa yupo siku zote. Nenda angali anaweza kukulaumu.

Mungu akutangulie katika safari zako. Akupe ndugu wanaokutafuta bila msiba, na popote utakapopiga hodi, awepo mtu wa kukuitikia.