Nilivyorudi Darasa la Nne

Nikiwa kidato cha pili, katika shule ya kutwa huku kwetu Mlola, nilipata saba kwa mia katika hesabu. Sikushangaa. Aljebra nilikuwa nainakili kutoka ubaoni kama mtu anayechora maua, bila kujua ninachoandika.

Mwalimu wetu wa hesabu, mama mmoja aliyekuwa amehamia mwaka ule, aliniita ofisini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akanipa karatasi yenye maswali matano ya shule ya msingi. Nilikwama kwenye la pili: robo tatu ya ishirini na nne.

"Sehemu hukufundishwa?" aliuliza.

Nikamwambia ukweli. Nilipokuwa darasa la nne niliugua, nikakaa nyumbani karibu muhula mzima. Niliporudi, wenzangu walishayapita hayo, na mimi nikaona aibu kuuliza.

"Basi akili yako ni nzima, mwanangu. Kuna vitu tu hukuvipata."

Akazungumza na walimu wa shule ya msingi ya jirani. Tangu kesho yake, kila saa tisa nilivuka uwanja na sare yangu ya sekondari, nikaketi na watoto wa darasa la nne katika masomo yao ya ziada. Magoti hayakuenea chini ya dawati. Mdogo wangu wa kike alikuwa darasa hilohilo. Siku ya kwanza alijifunika uso kwa daftari. Nilirudi nyumbani nikilia.

"Siendi tena, mwalimu," nilisema asubuhi.

"Nenda wiki mbili. Ukishindwa, nitakuja kukaa na wewe."

Nikaenda. Wiki ya pili mdogo wangu alihama dawati, akaja kuketi karibu yangu.

"Dada, gawa kwa nne kwanza. Ukipata robo moja, zidisha mara tatu."

"Kumi na nane!" nilisema kwa sauti, darasa zima likageuka. Hakuna aliyecheka.

Mtihani wa kidato cha nne nilipata C ya hesabu, nikaisoma mara tatu kwenye ubao wa matangazo nikidhani wamekosea.

Mwaka huu binti yangu ameanza kulalamika kuhusu aljebra. Nilikuwa namenya viazi, nikamwuliza saba mara nane. Akatazama dari, akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Njoo ukae hapa," nilimwambia. "Tuanze na jedwali la saba."