Simenti ya Kamanda

Watu wakisikia nilikuwa mwanamaji vitani, hudhani nilipiga mizinga. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji. Boti yetu ya doria ilikuwa kuukuu, ikivuja upande wa injini, nami nilishinda chini na ndoo, moshi wa dizeli ukiniwasha macho, wenzangu wakilinda Ziwa Tanganyika dhidi ya waasi. Tulikula maharage yenye wadudu. Buti nilizovaa zilikuwa za marehemu.

Rafiki yangu ndiye aliyeshika bunduki kubwa ya mbele. Asubuhi moja tulishambuliwa kutoka ufukweni, akapigwa risasi ya tumbo. Hospitali ilikuwa Kalemie, tulikotoka, wala hatukuwa tumefika mbali. Nilipanda juu nikamsihi kamanda tugeuze.

"Kwanza tushushe mzigo," alisema.

Mzigo wenyewe ulikuwa simenti yake, ya biashara. Tukaendelea. Rafiki yangu aliniomba maji, kisha akamwita mama yake, kisha akanyamaza. Tulipofika, tuliishusha ile mifuko tukiipitisha juu ya miguu yake.

Nilitoroka jeshi, nikavukia Kigoma, na baada ya miaka ya kambi na mahojiano nikafika London. Naishi Kilburn, nawaogesha wazee wa watu.

Mwaka jana kanisa letu lilimkaribisha mzee mmoja aliyehamia kwa binti yake. Nilimjua kwa sauti kabla hajageuka. Baada ya ibada, tukiwa kwenye chakula, aliwasimulia watu jinsi alivyowapenda vijana wake wa vitani. Mara akaniona.

"Huyu hapa mtoto wangu wa ziwani! Waambie, mwanangu."

Nikawaambia. "Tulibeba simenti yako, afande, mwenzetu akivuja damu mpaka akafa. Ulikataa kugeuza boti."

Watu wakaacha kula. Mzee akatikisa kichwa taratibu, akasema vita iliwaharibu vijana wengi akili. Mama mmoja akamshika mkono kumliwaza. Yeye, si mimi.

Jioni mchungaji akanipigia simu. "Ndugu yangu, nenda kamwombe baba msamaha. Umemwaibisha mbele ya wajukuu zake."

Sikwenda, na kanisani sijarudi. Mke wangu anaendelea kusali kule. Ananiambia kila Jumapili mzee husimama mbele na kuniombea nipone, na watu wote huitikia amina.